Tone moja kila sekunde mbili

Oktoba 2006, Newala. Bomba la mtaani lilikuwa kavu kwa wiki ya tatu, na kisima cha mvua nyumbani kwa Bibi kilibaki na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga huinywa mvua yote ikazama mbali sana chini. Ndiyo maana watu wa kule walizoea kushuka bondeni na madumu, au kungoja maji yaliyosukumwa kutoka Mitema, chanzo cha maji kilicho kule chini. Kwa hiyo niliposema nataka kuwawekea ndege maji uani, Bibi hakunijibu. Alichukua jagi la lita moja na nusu, akalijaza, akaliweka mbele yangu.

"Hilo ndilo lako la siku. Likiisha, limeisha."

Niliyamimina kwenye kopo tupu la rangi, la lita nne, nikaliweka chini ya mwembe. Asubuhi ya pili nikakuta chiriku ameelea ndani, mbawa zimetanuka. Maji yalikuwa na kina cha sentimita sita tu, lakini kopo lile lina kuta laini zilizosimama wima. Ndege mdogo huinama ukingoni anywe, akiteleza hana pa kukanyaga wala pa kushika kwa kucha, na mbawa zikishalowa haruki tena.

Mjomba alikuja jioni ile, akamtazama yule chiriku kwa muda mrefu. Ujanani alikuwa mtegaji. Kiangazi chote alipaka ulimbo kwenye vijiti kando ya madimbwi, akarudi na tetere za kitoweo. Mtu wa namna hiyo anajua ndege atatua wapi kabla hajatua, na mengi niliyojifunza mwezi ule yalitoka kwenye mitego yake ya zamani.

Kwanza alimwomba Bibi mkungu, kile kifuniko cha udongo cha chungu kikubwa. Ukiulaza kifudifudi ni kifuniko, ukiulaza chali ni sahani pana isiyo na kina. Ule wetu ulikuwa na upana wa sentimita 35 hivi. Nusu lita ya maji ilikaa katikati kwa kina cha sentimita mbili, ikipungua taratibu kuelekea ukingoni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: ndege wadogo husimama kwenye nusu sentimita, tetere huingia katikati. Udongo usiopakwa rangi unakwaruza, kwa hiyo mguu hautelezi. Tena unavuja unyevu kidogo kidogo kwa nje, na unyevu ule ukikauka huondoka na joto. Saa nane mchana maji ya mkungu yalikuwa baridi, wakati yale ya kopo yangeweza kuoshea vyombo vya mafuta.

Kuku wa Bibi waliuvamia siku hiyo hiyo, wakatia mchanga na kinyesi. Tukapindua kinu kilichopasuka, tukauweka mkungu juu yake, kimo cha goti, na kukizungushia matawi ya miiba. Kutoka pale mpaka ua wa minyaa Mjomba alipima hatua tatu. Ukiweka kwa hatua moja, paka hujificha kwenye minyaa akaruka mara moja tu. Ukiweka mbali, hatua nane au kumi, videge vidogo havithubutu kuvuka uwazi wote ule, kwa sababu kipanga huja kwa kasi na kimbilio lao liko mbali.

Kisha akachomeka kijiti kikavu kisicho na majani, kimo cha kiuno, hatua mbili kutoka kwenye maji. "Hapa ndipo nilipokuwa napaka ulimbo," alisema. Ndege haendi moja kwa moja kwenye maji. Hutua juu mwembeni akatazama, akashuka tawi la chini, akaja kijitini akatazama tena, ndipo anapofika ukingoni. Ukitaka kumwona vizuri, tazama kijiti, usitazame maji. Pale hukaa sekunde tano mpaka kumi, kifua mbele.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Maji yaliyotulia huonekana na ndege anayepita juu yake tu; maji yanayodondoka husikika hata na aliyejificha vichakani. Tulitoboa chupa ya plastiki kwa sindano iliyochomwa moto, sentimita moja juu ya kitako, tukaijaza ile lita iliyobaki na kuining'iniza tawini, sentimita 40 juu ya mkungu. Kifuniko cha chupa ndicho bomba lake. Ukikikaza kabisa hewa haiingii, na maji hukatika. Ukikilegeza robo mzunguko, huanza kudondoka. Nilihesabu kwa saa ya mkononi ya Mjomba: matone 30 kwa dakika, yaani tone moja kila sekunde mbili. Matone 20 hufanya kama mililita moja, kwa hiyo saa nzima hula mililita 90, na lita moja hutosha tangu kunapambazuka hadi jua linapokaribia kuzama. Jagi la Bibi likaenea.

Siku ya kwanza halikuenea. Chupa ilikuwa upande wa jua, na kifuniko kilikuwa kimelegezwa kidogo mno. Hewa ya ndani ilipata joto, ikatanuka, ikasukuma maji. Kufika saa nne asubuhi nusu ilikuwa imekwisha. Tukaihamishia kivulini. Siku ya pili tundu likaziba kwa mchanga wa kisimani, na tangu hapo maji yalichujwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Alasiri matone hupungua yenyewe, maana maji yakishuka ndani ya chupa msukumo nao hushuka. Hapo ni kulegeza kifuniko kidogo tena, basi.

Walikuja kwa mpangilio ulio na sababu yake. Wala nafaka walitangulia: tetere, chiriku, shomoro, na vile videge vya kifua cha samawati vinavyotembea wawili wawili. Mbegu kavu zina maji kidogo sana, kwa hiyo hao lazima wanywe kila siku. Tetere alizamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa. Wengine wote walichota tone, wakainua shingo, wakaliachia lishuke. Shore, ambaye matunda humpa maji mengi, alichelewa hadi siku ya tatu, na alipofika alikuja kuoga zaidi ya kunywa. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hakuugusa mkungu kabisa. Mjomba akavuta tawi la mwembe, akalifunga ili matone yapige kwenye majani kabla ya kuanguka. Alasiri ile chozi dume, anang'aa kama shaba iliyosuguliwa, alijisugua kifua kwenye jani lililolowa, akageuka, akajisugua mgongo. Sijawahi kuona kitu kizuri kuliko hicho uani kwa mtu.

Siku ya tano wakaja nyuki. Kwenye kiangazi kikali nyuki huhitaji maji kupoza mzinga, na walijaa ukingoni mpaka ndege wakakosa nafasi. Kuwafukuza hakusaidii. Tuliweka kigae chenye mchanga uliolowa juani, hatua kumi kutoka pale, kabla ya jua kuwa kali, na kwa siku mbili mkungu tukaulowesha alfajiri na jioni tu. Wakahamia kwenye mchanga. Nyuki hupenda kunyonya unyevu akiwa amesimama pakavu.

Mtama tuliutupa konzi moja, asubuhi, kwenye ardhi iliyofagiwa. Ukizidisha, masalia huita panya usiku.

Tulitazama tukiwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo, jua la asubuhi likiwa mgongoni kwetu. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu ndio wakati bora, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana wa jua kali ndege hukaa vivulini midomo wazi, wakihema, na hapo kila ukimtisha mmoja akaruka unamtoza maji aliyokuwa anayatunza. Bibi, aliyesema hana muda wa mambo hayo, alianza kupetea mchele pale mlangoni. Kila jioni alimwaga maji machafu ya mkungu kwenye shina la mpapai na kuusugua kwa jivu na kumbi la nazi, kwa sababu maji yakilala siku nyingi mbu hukulia humo.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya kwanza ya Desemba, usiku. Asubuhi mkungu ulikuwa umejaa mpaka ukingoni na hakuna aliyekuja. Tetere walikuwa barabarani, kwenye madimbwi. Bibi akaumwaga, akaupindua juu ya kinu, akachukua jagi lake akalirudisha jikoni. Kijiti alikiacha pale pale.