Nilivyotoka kwenye kuitikia hadi kuimba wimbo wangu

Kila mtu aliniambia, sauti unayo, ingia studio uimbe kama siku zote. Ushauri huo ndio ulioniharibia wimbo wa kwanza. Mwitikiaji kazi yake ni kujificha nyuma ya mwimbaji mkuu, na mazoea hayo huingia mwilini.

Tukiwa watatu kwenye maiki, herufi S au SH huitamka mmoja tu. Wengine tunairuka, la sivyo zinasikika tatu zilizopishana, ssss, kama birika linalochemka. Mmoja anaimba "siku", wawili tunaimba "iku". Mimi nilikuwa wa "iku" kwa miaka sita. Nilipoingiza sauti peke yangu, prodyuza akaisikiliza bila biti: "iku" ileile, "ida" badala ya "shida", na kila mwisho wa mstari nimeukata mapema kumpisha mwimbaji mkuu ambaye hayupo. Tukapandisha sauti, tukaongeza mwangwi, wapi. Mwangwi haurudishi herufi ambayo haikuimbwa.

Dawa ilikuwa karatasi. Niliandika beti zote kwa mkono, nikapiga mstari chini ya kila S na SH, na alama ya mkwaju (/) kila pa kuvuta pumzi. Siku tatu sikuimba, nilisoma maneno juu ya biti kama ninayemsimulia mtu aliyekaa mbele yangu. Melodi ilirudi siku ya nne.

Kwenye kuitikia nilisimama kama futi mbili kutoka kwenye maiki ili sauti zichanganyike. Ukiwa peke yako sogea hadi sentimita 15 hivi, na kichujio cha pumzi kiwe mbele, maana P na B hupiga maiki kama ngumi.

Kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, nayo usiipokee tu. Kiitikio kilinikaa vizuri, lakini beti zilikuwa chini mno, maneno yakamezwa. Tukapandisha toni moja. Jipime: imba kiitikio mara nne mfululizo umesimama; cha nne kikikubana, shusha nusu toni.

Studio ilinitoka laki mbili na kitu. Kabla ya kumaliza salio andikianeni nani ametunga maneno, nani melodi, nani biti, na asilimia ya kila mmoja. Bila hiyo, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, unageuka ugomvi. Omba pia biti yenye viitikio bila sauti yako kuu, ndiyo utakayopanda nayo jukwaani.

Na anayekuambia umechelewa usimsikilize. Mwimbaji wa Marekani Luther Vandross alimwitikia nyota wa Uingereza David Bowie studio mwaka 1974. Albamu ya kwanza kwa jina lake kamili ilitoka 1981.

Wimbo wa pili ndio ulionipatia shoo za jina langu. Viitikio vyake niliviimba mwenyewe, mwisho kabisa: sauti mbili, kila moja mara mbili, nakala moja spika ya kushoto na nyingine ya kulia. Humo "iku" yangu ikarudi kazini.