Kikombe chake nakiweka kando

Miaka minne nimelea binti yangu peke yangu hapa Iten na nilishaapa hakuna mwanaume ataingia kwa nyumba yangu tena, alafu huyu mkimbiaji wa marathoni akaanza kupitia kibanda changu kila Alhamisi wakimaliza fatleki, ile mazoezi ya kukimbia kasi alafu polepole kwa zamu, vumbi jekundu mpaka kwa kope, anaagiza chai ya maziwa anakaa kimya. Hajawahi kuniuliza baba ya mtoto ako wapi. Mtu wa kilomita 42 anajua kusubiri, hiyo nimeiona.

Juzi nimemkuta amepiga magoti anamfunga binti yangu kamba za viatu, polepole, fundo mara mbili. Machozi yakanitoka nikasingizia moshi wa jiko.

Bado sijamwambia ndio. Lakini kikombe chake hakuna mteja mwingine anakitumia.