Mbisho: Kutoka Vík hadi Höfn kwa baiskeli

Mabaharia wana neno lao kwa upepo unaokijia chombo uso kwa uso: mbisho. Neno hilo nalijua tangu zamani, lakini mwili wangu ulilijua asubuhi ile tulipotoka Vík, kusini mwa Iceland, mimi na mume wangu, kila mtu na baiskeli yake na mabegi yake manne, tukielekea mashariki.

Nia yetu ilikuwa kukizunguka kisiwa chote kwa Barabara Namba 1, ambayo ina urefu wa kilomita 1,300 na ushei. Kutoka Reykjavík hadi Vík tulikuwa tumetumia siku tatu, mvua ya manyunyu, vilima vya kawaida, hakuna la kusimulia. Ninalotaka kusimulia ni kile kipande cha kutoka Vík hadi Höfn. Ni kama kilomita 270, na tulikimaliza kwa siku sita: tatu za kukanyaga, tatu za kukaa ndani ya hema tukisikiliza.

Ukitoka Vík unaingia Mýrdalssandur, uwanda wa mchanga mweusi usio na mti wala ukuta. Mchanga huo umeletwa na mafuriko ya Katla, volkano iliyojificha chini ya barafu ya Mýrdalsjökull, ambayo mara ya mwisho ililipuka kwa nguvu mwaka 1918. Kando ya barabara kuna ubao wa umeme unaoonyesha joto na kasi ya upepo. Siku ile ulisema nyuzi 7, mita 11 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 40 kwa saa, na yote ilikuwa inatujia usoni.

Upepo una hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Ukiongezeka kasi mara mbili, unakusukuma mara nne. Kipima mwendo changu kilionyesha kilomita 9 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, gia ile ile niliyopandia milima, na nikiacha kukanyaga baiskeli inasimama papo hapo kama imegonga kitu. Mchanga ulikuwa mkavu asubuhi ile, ukiruka chini chini juu ya lami kama moshi, kisha upepo ukivuta pumzi na kurudi, unapanda hadi mashavuni. Unachoma. Nilifunga kitambaa hadi chini ya macho na bado nilitafuna mchanga.

Dawa ya mbisho kwa watu wawili ni moja: mmoja anatangulia akipasua upepo, mwingine anajibana nyuma yake, gurudumu karibu na gurudumu, nusu mita hivi. Aliye nyuma anapata nafuu kubwa kweli kweli. Ni kama mtu amefunga dirisha. Upepo ukija kwa mshazari kutoka kushoto, nafuu inahamia nyuma upande wa kulia, na lazima uitafute kwa ngozi, ukisogea kidogo kidogo mpaka masikio yatulie. Tukakubaliana zamu za dakika kumi. Kuongea haikuwezekana. Mtu anafungua mdomo, neno linaondoka kabla halijamfikia mwenzake.

Katika zamu yake ya nne au ya tano, nilimpoteza. Si kwamba alitoweka. Nilikuwa namwona vizuri sana. Upepo ulinipiga ubavuni nikayumba hadi kwenye kokoto za kando, nikakanyaga chini, na nilipopanda tena yeye alikuwa mita thelathini mbele. Mita thelathini katika upepo ule ni mbali, maana ile nafuu ya mgongo wake haipo tena: mimi peke yangu nafanya kazi kama yake, na yeye ana nguvu kuliko mimi. Thelathini zikawa mia. Nikaita. Nikaita tena, nikijua ni bure. Mia zikawa mia nne, yeye ni nukta ya koti la njano kwenye nchi nyeusi, na hageuki.

Nililia. Si kwa uchovu. Nililia kwa sababu tulikuwa tumekuja wawili, na kwa dakika kumi na tano zile nilikuwa peke yangu mahali ambapo sikuona nyumba hata moja.

Alisimama zamu yake ilipokwisha. Nilipomfikia sikushuka kwenye baiskeli.

“Hukugeuka hata mara moja,” nikamwambia, nikimsogelea mpaka mdomo wangu karibu na sikio lake.

“Nilikuwa nakusikia nyuma yangu.”

“Ulikuwa unasikia nini?”

Akanyamaza. Upepo ukampiga, na kofia ya koti lake la mvua ikaanza kupepesuka kisogoni: pa, pa, pa, mfululizo, kama tairi kwenye lami iliyolowa. Tukaisikia sote wawili. Akainua mkono akaishika, sauti ikakoma.

“Nilikuwa nasikia hii,” akasema. “Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nasikia hii nikadhani ni wewe.”

Ndani ya begi lake la mbele alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, cha mviringo, kisichozidi kiganja. Akakitoa pale pale, akakifunga kwenye mwisho wa usukani kwa utepe mweusi wa gundi, akakigeuza huku na huku huku mimi nimesimama nyuma yake, mpaka akasema ananiona kuanzia kofia hadi kifuani. Kisha tukapanga ishara: kupiga paja ni kubadilishana zamu, mkono juu ni kusimama. Na anayeinua mkono haulizwi sababu.

Nimesoma ushauri mwingi kuhusu safari za wawili kwa baiskeli, na mara nyingi watu huandika kuhusu uzito wa mizigo, au kama ni bora baiskeli moja ya watu wawili. Mimi naona kioo kile kilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote tulivyobeba, pamoja na hema.

Baada ya adhuhuri mchanga uliisha tukaingia Eldhraun, bahari ya lava iliyomwagika kuanzia mwaka 1783, miezi minane mfululizo. Leo imefunikwa na vigoga, mimea midogo inayotanda juu ya mawe kama zulia nene la kijivu na kijani, laini kwa macho, kilomita baada ya kilomita. Upepo ulipungua, mvua ikaanza. Tulifika kijiji cha Kirkjubæjarklaustur saa mbili usiku, mwanga ungali kama wa alasiri, maana mwezi Juni huko giza haliji. Kilomita 73 kwa saa kumi na tatu.

Tulikaa hapo siku mbili. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo la upepo mkali kwa eneo la mbele, chini ya mlima wa barafu wa Öræfajökull, ambako pepo huteremka kutoka kwenye barafu kwa mapigo ya ghafla yanayoweza kupindua magari. Mume wangu ni mtu wa kukaa. Mimi si mtu wa kukaa. Siku ya pili nilitoka nje ya hema mara ishirini kuangalia mawingu. Kazi iliyonituliza ilikuwa ni ya mikono: niligeuza baiskeli zote mbili miguu juu, nikasafisha minyororo kwa mswaki wa zamani, nikaipaka mafuta mazito ya majira ya mvua. Mipira ya breki ilinishtua. Ule mchanga mweusi ukichanganyika na maji unakuwa msasa. Kila unapobana breki unasikia rimu ikisagwa. Mipira niliyoifunga mipya Reykjavík ilikuwa imeliwa zaidi ya nusu. Nilichokonoa vipande vidogo vya chuma vya rimu vilivyonasa ndani ya mpira kwa ncha ya sindano, kimoja kimoja, nikavipanga juu ya jiwe. Kumi na moja. Vingebaki, vingeendelea kuichimba rimu.

Siku ya nne onyo likaondolewa tukaondoka. Mvua ilikuwa ya kulala, upepo wa kaskazini mashariki, nyuzi 6. Tulipita chini ya jabali la Lómagnúpur, ukuta wa mwamba uliosimama wima juu ya barabara, na ng'ambo yake ndiyo Skeiðarársandur, uwanda mwingine wa mchanga. Kipande hiki ndicho kilichochelewesha Barabara Namba 1. Mito ya barafu ilihama-hama na kujaa hivi kwamba mzunguko ulikamilika mwaka 1974 tu. Na bado haikwisha. Mwaka 1996 volkano ilipasuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakajikusanya kwa wiki kadhaa, na tarehe 5 Novemba yakatoka kwa mkupuo yakiwa na mapande ya barafu makubwa kama nyumba, yakakata barabara na madaraja. Mihimili miwili ya chuma iliyopindwa na maji yale imewekwa kando ya njia, karibu na Skaftafell.

Nilikuwa nasubiri kuiona. Nilipoiona haikunihusu. Hili ndilo linalonitisha nikikumbuka. Saa mbili kabla yake maji yalikuwa yameniingia shingoni, yakashuka mgongoni. Nguo yangu ya ndani ilikuwa ya pamba, kwa sababu ile ya sufu ililowa jana yake haikukauka, na pamba ikilowa inakunyonya joto bila kukurudishia chochote. Nilitetemeka, kisha nikazoea kutetemeka. Nilijiambia zimebaki kilomita chache, na zilikuwa chache kweli.

Yeye aliinua mkono. Nikasimama nyuma yake nikiwa na hasira.

“Unaendeleaje?”

“Sawa.”

“Fungua zipu ya koti lako.”

Nikaitazama zipu. Vidole vilifika, vikaigusa, havikushika. Nikamwambia glavu ndizo nene. Akanivua glavu. Bado.

“Nitajie siku za wiki, kutoka Jumapili kurudi nyuma.”

“Jumapili,” nikasema. “Jumamosi.” Nikasimama hapo. Nilijua kuna siku nyingine, nilihisi zipo, lakini kila nilipoinyooshea mkono ilikuwa ni Jumapili.

“Tunalala hapa,” akasema.

“Ni karibu! Twende, ni karibu!” Nilimpigia kelele. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba mimi niko sawa na yeye ndiye mwoga. Baridi inaanza na akili. Inamwondolea mtu kile kile ambacho angekitumia kujua kwamba anaganda. Hakubishana nami. Aliegemeza baiskeli kwenye kokoto, akanikalisha upande wa mihimili usiopigwa na upepo, akaanza kusimamisha hema.

Nilimtazama, na hilo nalikumbuka vizuri kuliko lolote la siku ile. Hakuchomeka nguzo kwanza. Alilitandaza hema likiwa bapa, akalilalia kwa tumbo lisipeperuke, mkia wake ukielekea upepo utokako, akafunga kamba za upande huo kwenye mabegi mazito kwa sababu vigingi havishiki mchangani, akapanga mawe juu yake. Ndipo akapitisha nguzo, akiwa amepiga magoti, akiinua kidogo na kungoja pigo lipite, akiinua tena. Mvua ilikuwa inamtiririka puani. Hakunitazama kwa huruma hata mara moja, na nadhani angenitazama hivyo ningelala chini pale pale.

Ndani alinivua vyote vilivyolowa, akanitia kwenye mfuko wa kulalia, akachemsha maji, akajaza chupa akanipa niikumbatie kifuani ikiwa ndani ya soksi. Kisha akaingia naye. Kutetemeka kulirudi kwa nguvu mpya, meno yakigongana, na akafurahi. Baada ya muda mrefu nikasema, “Ijumaa. Alhamisi. Jumatano.”

“Endelea,” akasema.

Tulipoamka, siku hiyo hiyo, mvua ilikuwa imekatika. Tukavaa vilivyo vikavu, tukasogea hadi kambi ya Skaftafell taratibu, na siku iliyofuata hatukwenda popote. Tulitundika kila kitu kwenye kamba. Tuliongea kidogo. Nilimwomba radhi kwa zile kelele, akasema hakuzisikia kwa sababu ya upepo, jambo ambalo si kweli. Alikuwa mbele yangu, hatua moja.

Asubuhi ya sita bendera za kambini zilikuwa zimegeuka. Upepo ulikuwa unatoka magharibi.

Kutoka Skaftafell hadi Höfn ni kama kilomita 135, na nilikuwa nimejiandaa kwa siku mbili. Tulipouacha mlima nyuma tukaelekea mashariki, tulikuwa tunakwenda kilomita 30 kwa saa, mara 35, miguu ikizunguka bila kusukuma kitu. Jökulsárlón tulisimama nusu saa tukatazama mapande ya barafu, mengine ya buluu, mengine yenye michirizi myeusi ya majivu, yakijigeuza polepole kwenye ziwa lenye kina kinachozidi mita 200, na sili mmoja kichwa nje.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mwendo wetu ukalingana na mwendo wa upepo, na kelele zikakoma. Hewa ikasimama kana kwamba tuko chumbani. Nilisikia mnyororo wangu. Nilisikia wa kwake, ukigonga kidogo kila mzunguko mahali pale pale, na tairi zake, na kijiwe kilichorushwa na gurudumu kikaruka majanini.

“Unanisikia?” aliuliza, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka.

“Nakusikia.”

Tukaenda kidogo. Kisha nikaona kichwa chake kinainama upande wa kushoto, kwenye kile kioo.