Kuku wa Shekilango, Julai 2015

Juzi pale Mwenge binti yangu aliona bodaboda mbele yetu, kuku wamening'inizwa pande zote mbili za usukani, vichwa chini. "Mama, hawasikii kizunguzungu?" Nikamwambia wanasikia zaidi ya kizunguzungu. Sikuongeza neno, maana akili yangu ilishafika kwenye harusi ya wifi Mwanaidi.

Ilikuwa mwisho wa Julai 2015. Kila redio ilikuwa ikimzungumzia Cecil, yule simba wa Hwange kule Zimbabwe aliyeuawa na daktari wa meno kutoka Marekani. Mimi na shemeji Idrisa tulitumwa soko la Shekilango, hapa Dar es Salaam, kununua kuku wa kienyeji. Tukachagua, tukavutana bei, wakafungwa miguu kwa kamba mafungu mafungu, tukapanda bajaji kurudi Tabata.

Siku hizo Ubungo bado ni mataa, daraja halijajengwa. Tulikwama pale, jua la saa saba limetusimamia. Redio ya dereva ikawa inaeleza jinsi simba yule alivyochomwa mshale kwanza, akakaa na jeraha saa nyingi kabla ya kumaliziwa. Shemeji akasonya kwa uchungu wa kweli. "Watu hawana huruma, shemeji. Kiumbe cha Mungu unakiacha kiteseke namna hiyo!"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fungu la kuku kwa miguu, limening'inia nje ya bajaji.

Aliyekuwa karibu nami ni mtetea mwekundu. Alikuwa akijikunja kuinua shingo, anaishikilia kidogo, kisha inamshinda inashuka. Mdomo wazi, ulimi mwembamba unatetemeka kila akivuta pumzi. Kope la kuku hupanda kutoka chini. La kwake lilikuwa likipanda polepole, likifika katikati ya jicho anashtuka, analifungua, linaanza tena kupanda. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kuku hatoi jasho, joto la mwili analitoa kwa kuhema. Wala hana kiwambo kama chetu cha kutenga kifua na tumbo, kwa hiyo ukimgeuza kichwa chini matumbo yanaikandamiza mifuko ya hewa anayoihitaji ahemee. Siku ile sikuyajua hayo. Niliona tu kwamba kuna kiumbe anatafuta pumzi mbele ya uso wangu, na anayemshika anamlilia simba.

Nikamwomba shemeji awaweke chini. Akasema watamchafulia suruali. Nikalichukua lile fungu, nikatandika khanga miguuni kwangu, nikawalaza. Hakubisha, alishangaa tu.

Nyumbani, ustadhi aliyekuja kuchinja alinolea kisu nyuma ya banda, kuku wasikione. Akamchukua mmoja mmoja, akamlaza taratibu, akamwelekeza kibla, akapiga Bismillahi. Mtume (s.a.w.) alifundisha kisu kinolewe na mnyama astareheshwe, na pale yalifuatwa yote. Nilimheshimu sana mzee yule. Nikajiuliza kwa nini adabu yote tumeiweka kwenye dakika ya mwisho, na safari nzima kutoka sokoni mpaka kwenye kisu tunaiona haina la kuulizwa.

Wakati wa kunyonyoa, habari za simba zikarudi. Bi Mkubwa, aliyekuja kutoka Ikwiriri kwa ajili ya harusi, akaweka kuku kwenye beseni na kutuangalia. "Simba mnayemlilia, kwetu Rufiji alikuwa akivunja ukuta wa udongo usiku na kumtoa mtu kitandani." Hakuwa anatia chumvi. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 500 nchini, wengi wao kusini na kule Rufiji, wakiwemo wakulima waliolala mashambani wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe. Nani kati yetu pale alijua jina la hata mmoja? La Cecil tulilijua sote.

Shemeji hajakubaliana nami mpaka leo. Anasema simba aliuawa kwa kujifurahisha, kuku tunamla, hayo hayalingani. Ana hoja, na naiheshimu. Ila siku ile kilichomuuma si sababu ya kuua, ni yale masaa ya mateso, na mateso yalikuwa mkononi mwake. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia, na haimbagui kuku: mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo yumo.

Mimi nakula kuku. Kama nina haki ya kumla, hilo bado linanisumbua na sijalimaliza. La kumning'iniza nimelimaliza. Nikienda Shekilango naomba tenga, tena lisijazwe. Muuzaji hunijibu kwamba tenga nusu tupu ni nauli ya bure, nani atailipa? Ni swali la haki, faida yake kwa kuku mmoja ni ndogo, kwa hiyo nalipa mimi. Lakini mji mzima ukidai hivyo bei itapanda, na mama lishe wa Manzese anayeuza wali kuku kwa vibarua ataipandisha vipi sahani yake wasimkimbie? Hapo ndipo ninapokwama. Kama yupo anayefanya biashara hii na ameona njia, naomba anieleze.