Goli la Msuva na ukuta wa kempa

Shemeji aliugonga ule ukuta kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua nazi sokoni, akasema, "Shem, hii si ukuta. Hii ni kadibodi imevaa suti."

Ilikuwa Jumatano jioni, Juni 2019, uani kwetu Minnesota, Marekani. Yeye ni Mkenya, dereva wa malori ya masafa. Mimi ni Mtanzania ninayejua kubadilisha balbu. Kempa lenyewe, lile trela la kulala ndani linalokokotwa na gari, nilikuwa nimelinunua theluji ilipoyeyuka. Lilikuwa la mwaka 1998, na lilinuka panya kidogo. Kesho yake, Juni 27, Taifa Stars ilikuwa inakutana na Harambee Stars kule Cairo. Huku kwetu ni saa tisa alasiri, nyumbani saa tano usiku. Taifa Stars hawakuwa wamekanyaga fainali za Afrika tangu 1980, mimi sijazaliwa. Na kambi karibu na Two Harbors, kando ya Ziwa Superior, nilishailipia. Kwa hiyo TV ilikuwa lazima isafiri.

Nilinunua braketi yenye mkono unaokunjuka. Ndani ya boksi mlikuwa na skrubu nene za inchi mbili na nusu, za kuingia kwenye nguzo za mbao za nyumba. Ukuta mzima wa kempa, toka ndani hadi bati la nje, haufiki inchi mbili. Ningezikaza zile, mvua ingepata mlango. Nikazitupa pembeni, nikachukua za inchi moja, nikajiona fundi.

Nilichosahau ni kwamba skrubu haishiki kwa sababu ni fupi au ndefu, inashika kwa sababu ya kilicho nyuma yake. Na nyuma ya ile plaiwudi ya milimita tatu palikuwa na pamba ya glasi tu, ile inayowasha mikono siku mbili. Mbao za mifupa zipo, lakini zimeachana, na mimi nilitoboa pale macho yalipopenda, katikati kabisa, usawa wa kochi. Skrubu nne: moja iliuma ukingo wa mbao, tatu zikazunguka bure nikaziambia zinatosha.

"TV ni kilo tatu tu," nilimwambia.

"Kilo tatu zikiwa zimetulia," alisema. "Barabarani hazitulii."

Ni kweli, ile njia ya I-35 kwenda Duluth ina mabaka na viraka, baridi huipasua kila mwaka. Kilomita zaidi ya 240, kempa linaruka nyuma yetu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Lakini tulipofungua mlango kambini, TV ilikuwa palepale. Nilimtazama shemeji kwa kiburi. Yeye alikuwa anatazama vumbi jeupe chini ya braketi.

Tukachomeka waya mnene wa umeme, simu tukaiunga kwenye TV, mke wangu akaleta mahindi ya kuchoma. Dakika ya sita, Msuva akafunga. Niliruka. Nadhani nilitua na miguu yote miwili, maana kempa zima liliyumba, na sufuria ikadondoka jikoni. Kisha nikasikia *krrraa*, braketi ikibanduka na kipande cha plaiwudi ukubwa wa sahani. Shemeji aliidaka TV ikiwa hewani, hindi likiwa bado mdomoni.

Hapakuwa na pa kuiweka pa maana, basi akaipakata. Mechi yote ile, Mkenya amepakata TV, shingo ameipinda aone, mimi na mke wangu tumekaa mbele yake chini. Olunga aliposawazisha dakika ya 39 alitaka kuinuka, akakumbuka mzigo. Hajatulia vizuri, dakika ya 40 Samatta akatupa la pili. Sikuruka tena, niliogopa. Kipindi cha pili Omolo akarudisha, na dakika ya 80 Olunga tena. 3–2. Filimbi ilipolia, alinikabidhi TV taratibu kama mtoto aliyelala, akatoka nje kucheza peke yake kwenye changarawe. Dada yake akamfuata. Nilijua siku nyingi kuwa nimeoa timu pinzani.

Jumamosi tuliporudi tulitengeneza. Yeye alichukua kisumaku cha friji, akakitembeza ukutani mpaka kikanasa kwenye pini za kiwandani. Pini zikipangana wima, nyuma yake pana mbao. Akatia alama kwa penseli. Tukakata ubao wa robo tatu ya inchi, mrefu wa kushika mbao mbili, tukapigilia nati za meno nyuma yake kwa ajili ya bolti za braketi. Safari hii tulikubaliana pia kwamba TV ikisafiri, inasafiri kitandani, imeviringishwa blanketi.

Nilipokuwa nakoroga gundi, aligeuza ubao akaandika kitu kwa penseli upande wa nyuma. Nikanyoosha shingo. Akaubandika ukutani kabla sijasoma, akaanza kukaza skrubu. Niliona tarakimu mbili tu.