Korneti ya Lushoto haikuwa ya wakati wa Mjerumani

Mwezi uliopita nilinunua korneti kuukuu, yaani tarumbeta fupi la shaba, kwa mzee mmoja wa Lushoto aliyepiga matarumbeta ya kanisa tangu ujana wake. Aliponikabidhi sanduku alisema, "Mwanangu, hii ni ya wakati wa Mjerumani, babu yangu aliiacha." Nikaitikia, "Ahsante, mzee wangu," wala sikumbishia, kwa kuwa makanisa ya Kilutheri ya Usambara yalirithi kweli upigaji wa matarumbeta kutoka Ujerumani, na maneno yake yangeweza kuwa sahihi.

Nyumbani niliizima taa ya chumba, nikaielekeza tochi ya simu kwa upande kwenye mdomo mpana wa korneti, ili mwanga upite juu ya shaba badala ya kuipiga usoni. Hapo maandishi yaliyokuwa yamefifia yakaanza kuinuka, herufi moja baada ya nyingine: Boosey & Hawkes, na chini yake, London. Karibu na pistoni, vile vibonyezo vitatu vya kubadili noti, palikuwa na maneno Made in England.

Jina hilo peke yake lilitosha kuiondoa korneti katika zama za Mjerumani. Boosey & Company na Hawkes & Son zilikuwa kampuni mbili za London zilizoshindana kwa miaka mingi, kila moja ikiuza vyombo kwa jina lake, hadi zilipoungana mwaka 1930. Chombo chenye majina yote mawili pamoja, kwa hiyo, hakiwezi kuwa kimetengenezwa kabla ya mwaka huo, ilhali utawala wa Wajerumani hapa kwetu ulikoma katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana mimi husisitiza kwamba jina lisomwe kabla ya namba ya chombo: watu wengi hukimbilia orodha za namba kwenye intaneti, wakasahau kwamba jina moja laweza kubadili wamiliki. Besson, kwa mfano, ilianzishwa Paris mwaka 1837, ikafungua kiwanda London, kisha mwaka 1948 ikanunuliwa na hao hao Boosey & Hawkes, lakini jina likaendelea kuchongwa kwenye vyombo vipya. Tena si kila jina ni la mtengenezaji, kwani mafundi wa Markneukirchen, Ujerumani, waliwatengenezea wafanyabiashara vyombo vingi vilivyochongwa jina la duka tu.

Mwaka wa mapema kabisa ulikuwa umepatikana. Mpaka wa mwisho niliupata kwa masikio. Niliipiga korneti pamoja na kinanda cha kwaya, mrija wa kurekebishia sauti ukiwa umesukumwa ndani kabisa, nayo ikasikika juu kwa karibu robo toni. Nilipouvuta mrija kwa zaidi ya sentimita 2, noti za wazi, zisizobonyezewa pistoni, zilikubaliana na kinanda, lakini zile za pistoni ya tatu zilibaki juu, maana mirija ya pistoni nayo ni mifupi. Hiyo ni dalili ya kipimo cha sauti cha zamani cha bendi za Uingereza, ambamo noti ya A ilikuwa na mitetemo 452.5 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Bendi hizo zilikiacha katika miaka ya 1960, na vyombo vingi vikapelekwa kwa mafundi virefushwe mirija. Nilizikagua kwa kidole sehemu zote ambazo fundi angeunga kipande, nikakuta madini ya fedha yaliyopakwa juu ya shaba hayajakatika popote. Korneti hii haijaguswa.

Kwa hiyo ni ya kati ya mwaka 1930 na miaka ya 1960, yaani yaelekea ni ya wakati wa Mwingereza.

Namba iliyogongwa kwenye pistoni ya pili nimeinakili mara mbili, kwa sababu tarakimu moja imelika kwa kusuguliwa na dawa ya kung'arisha shaba, nami sikubali kuibahatisha. Vitabu vya uzalishaji vya kampuni hiyo vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Horniman, London, na huko ndiko ninakotuma picha. Mzee nimempigia simu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi itakuwa ni baba aliyeinunua, si babu," akaniomba nimsomee tena, polepole, maneno yaliyochongwa.