Nilivyomchagulia binti wa darasa la sita riwaya za upelelezi

Binti wa kaka yangu naishi naye hapa Ipagala, Dodoma. Yuko darasa la sita na anasoma kunizidi. Vile vitabu vya Enid Blyton vya watoto wapelelezi alivimaliza akiwa la nne. Siku hizi akikishika kimoja anafunua kurasa chache, anamtaja mwizi, anakirudisha kabatini. Zilizobaki ni riwaya za watu wazima, na kazi iko hapo: mtoto anaweza kuelewa kila sentensi ya kitabu na bado kitabu chenyewe kisiwe cha umri wake.

Baba yake alipendekeza Willy Gamba. Anayo Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ile ya mwaka 1974. "Dada, mpe tu, mbona sisi tulisoma?" Tulisoma kweli, tena chini ya dawati. Lakini Gamba ni jasusi. Ukimwondolea bastola na wanawake, hadithi inabaki mifupa. Halafu huyu wangu anapenda kukisia, sasa akisoma watu wanaofukuzana atakisia nini? Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, naye nikamweka kando, ingawa mimi mwenyewe nampenda mno.

Nikaanza kuvikagua vitabu kabla ya kununua. Kwa wauza vitabu vya mtumba mjini nachuchumaa, natafuta kwanza pale maiti inapokutwa. Maiti si tatizo. Natazama mwandishi anakaa hapo kwa muda gani, na kama anaonekana kufurahia damu. Kisha naruka hadi sura ya mwisho: mhalifu ni mtu tuliyekuwa naye tangu mwanzo, au kaangushwa kutoka darini? Akiwa wa darini, nakirudisha. Muuzaji mmoja aliniuliza, "Mama, utanunua au utakimalizia hapahapa?" Utamu wa kitabu unaniishia mimi, lakini ndiyo gharama yake.

Kilichopita vizuri kuliko vyote ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Mauaji yamo, ila mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na kufikiri, mambo yake anayamaliza kwa maswali. Kiunguja chake kilimchelewesha binti mwanzoni, kwa hiyo sura za awali tulisoma kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Baadaye akakichukua akaenda nacho chumbani. Alipofika katikati nikamwambia aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku na sababu, aikunje, aiache ndani ya kitabu. Hakupatia. Alichofanya ni kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta alipopotezwa. Basi nikajua tumepata.

Kwa Kiingereza nilimpa Sherlock Holmes, hadithi fupi badala ya riwaya, nikianza na ile ya mwaka 1892 ya kito cha buluu kilichokutwa ndani ya bata bukini. Hakuna anayeuawa. Holmes anaishika kofia kuukuu tu na kueleza mwenye kofia ni mtu wa namna gani. Wiki hiyo fundi umeme akaiacha kofia yake kwenye kiti chetu. Binti akaigeuza, akaichungulia. "Shangazi, hii si yake. Amekunja gazeti ndani ili isimcheze kichwani. Na leo ametoka kwenye nyumba inayopigwa plasta." Nilimzuia asimuulize fundi kofia kaitoa wapi.

Mwisho wa hadithi hiyo ulimkera. Holmes anamkamata mwizi, mwizi analia, naye anamwachia aende zake. Binti anasema wizi ni wizi, alipaswa kupelekwa polisi. Mimi nikamkumbusha kwamba kuna mtu mwingine alikuwa ameshikwa kwa kusingiziwa, na bila ushahidi wa huyo mwizi kesi haisimami. Hakukubali. Baba yake alipopiga simu akaulizwa yeye angefanyaje. Akajibu angemsamehe. Akaambiwa upelelezi haumfai, aendelee na biashara yake ya alizeti.